Ligonge kabla hujalinunua

Ukipenda bakuli la kale la kauri dukani, likalishe juu ya ncha za vidole, kisha ligonge ukingoni kwa kucha, polepole. Kauri nzima hulia kama kengele. Yenye ufa au iliyogundishwa hutoa mlio mfu. (Vyombo vya udongo wa kawaida havimo, vyenyewe havilii hivyo.) Ligeuze pia: duara la kukalia likiwa kali, halijasuguka popote, huo "ukale" una mashaka, na bei ishuke.

Langu nimelipanga kwenye kidaka (shubaka la ukutani) sebuleni, kama walivyopanga kauri za Kichina watu wa Lamu. Jioni nikichoma udi, makaa hukaa kwenye chetezo tu. Joto la ghafla hupasua kauri.