Kuchambua kwapa la maiti bila kupoteza neva: mwongozo kwa wakufunzi wa anatomia

Kwapa huharibika upesi katika chumba cha anatomia, na chanzo hasa ni kimoja: mwanafunzi hufukua mafuta akitafuta neva, badala ya kuanzia kwenye msuli anaoujua na kuifuata neva hadi inakotoka.

Laza maiti chali, mkono ukiwa umetanuliwa karibu nyuzi 90. Bega lililokakamaa kwa fomalini litanuliwe polepole. Wembe namba 22 ni wa ngozi tu. Mafuta yaondolewe kwa makasi butu: yaingize yakiwa yamefumba, yafumbue ndani, kisha yatoe. Neva inayotoka T2 (neva ya pili ya uti wa mgongo sehemu ya kifua) na kuvuka kwapa kwenda kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono hukatwa mara nyingi hapa, kwani hufanana na uzi wa mafuta. Ifunge uzi wa rangi mara ionekanapo.

Kata msuli mkubwa wa kifua kwenye mtulinga na kidari, uufunue kuelekea mkononi. Ule mdogo ukate kwenye ubavu wa 3 hadi wa 5, uinue juu. Vena ndogo zinazoziba njia zinaweza kuondolewa. Matawi ya ateri yabaki.

Sasa tafuta msuli wa korakobrakialisi, ulio upande wa ndani wa sehemu ya juu ya mkono. Neva inayoutoboa ni ya muskulokutaneo. Ifuate kurudi juu hadi kamba ya nje (mojawapo ya kamba tatu za mtandao wa neva za mkono), ambako mzizi mmoja wa neva ya mediani huanzia. Mzizi wa pili hutoka kamba ya ndani, inayozaa pia neva ya ulna. Pamoja hufanya herufi M mbele ya ateri ya kwapa. M ikishasafishwa, matawi mengine ya mtandao huo, unaotokana na neva za uti wa mgongo C5 (ya shingo) hadi T1 (ya kifua), hufuatika. Sogeza ateri kando uone kamba ya nyuma na neva ya radiali.

Mwonye kila mwanafunzi kuhusu neva ndefu ya kifua: hupita juu ya uso wa nje wa msuli wa serato, ulio ubavuni mwa kifua, hivyo anayekwangua msuli uonekane safi huing'oa.

M isipokamilika, usidhani kuna kosa. Neva ya muskulokutaneo huweza kuungana na ya mediani, au kukosekana kabisa. Kabla ya kukata chochote, andika upande, pima kwa kalipa kutoka kwenye ncha ya korakoidi (kijitokezo cha mfupa wa bega), na piga picha yenye rula ikiwa ridhaa ya mtoa mwili inaruhusu. Picha isiyo na kipimo haifai kwa utafiti.

Mwisho wa kipindi, funika kwapa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa dawa ya kuhifadhi, kisha nailoni juu yake. Neva iliyokauka hugeuka kahawia na kukatika ikiguswa na kibano.