Somo: Kuomba kubadilishiwa cheti cha kutoka jeshi la Marekani

Wakuu, swali la jinsi ya kupandishiwa daraja la cheti cha kuachishwa jeshi naletewa kila mwezi, hasa na vijana waliojiunga kupitia MAVNI, ule mpango ulioanza kuandikisha 2009 na kusimamishwa 2016, uliochukua hata wageni wasio na grini kadi kwa sababu ya lugha zao. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Tuliingia kwa vifijo, tukala kiapo cha uraia, halafu baadhi yetu tukatoka vibaya na hatujawaambia watu wa nyumbani mpaka leo.

Mimi nilitolewa kwa sababu ya pombe. Ombi langu la kwanza lilikataliwa, la pili likakubaliwa, ingawa mtu alikuwa yuleyule na kosa lilelile. Nitaeleza kilichobadilika nikifika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Chukua DD 214 yako, yaani cheti chenyewe ulichopewa ulipotoka jeshini, ile nakala ndefu iliyoandikwa "Member 4", maana nakala fupi huficha unachokitafuta. Sanduku namba 24 linasema umetoka kwa daraja gani, namba 28 linasema kwa nini. "Honorable" haina maneno. "General" unatibiwa VA, idara ya maveterani, lakini GI Bill ya kulipia chuo huipati. "Other Than Honorable", tunayoiita OTH, hutolewa bila mahakama na hufunga milango mingi. "Bad Conduct" na "Dishonorable" ni za mahakama ya kijeshi tu.

DD 214 peke yake haitoshi. Omba faili lako lote la utumishi, pamoja na karatasi ambazo kamanda alizitumia kukutoa, na faili la matibabu. Faili la utumishi huombwa kupitia kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, na kuomba ni bure. Usitume ombi la kubadilishiwa cheti kabla hujayasoma. Utakuta kamanda ameandika mambo usiyoyajua, na bodi inayoamua maombi itayasoma hayo kabla ya yako.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Ipo milango miwili. Kama haijapita miaka 15 tangu utoke, na hukutolewa na mahakama kuu ya kijeshi, jaza DD 293, iende kwenye bodi ya mapitio ya tawi lako la jeshi. Ikiwa miaka imepita, au mahakama kuu ndiyo iliyokutoa, jaza DD 149, iende kwenye bodi ya kurekebisha kumbukumbu. Hii ya pili inataka uombe ndani ya miaka 3 tangu ulipogundua kosa lililo kwenye kumbukumbu zako, ila ina ruhusa ya kusamehe ucheleweshaji, kwa hiyo eleza kwa nini umechelewa na uendelee.

Hatua ya 3: Maelezo yako

Ombi langu la kwanza lilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika kwamba najuta, nimeokoka, nina watoto wawili, naomba nihurumiwe. Sikudanganya popote, lakini sababu haikuwemo. Bodi inataka kujua mambo mawili: je, kanuni zilivunjwa wakati wa kukutoa? Na kama hazikuvunjwa, je, ulitendewa haki ukitazamwa na yote yaliyokupata? Machozi matupu hayajibu hata moja.

Mwaka 2014 waziri wa ulinzi, Chuck Hagel, alitoa waraka wa kuzitaka bodi ziwafikirie kwa upana zaidi wenye kiwewe cha vita, yaani PTSD. Agosti 2017 ukafuata waraka unaoitwa wa Kurta, unaogusa pia majeraha ya ubongo na waliodhalilishwa kingono jeshini. Ndani yake kuna maswali manne. Yafanye kuwa vichwa vya maelezo yako: Ulikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilitokea ukiwa jeshini? Kweli linaeleza kosa lile? Na je, lina uzito kuliko kosa lenyewe?

Swali la tatu ndilo linaloangusha watu. Ukisema "nina PTSD" na ukaishia hapo, hujasema kitu. Sema kwamba baada ya mlipuko fulani uliacha kulala, ukaanza kunywa ili ulale, na asubuhi moja hukufika kwenye mstari wa kuhesabiwa. Ulevi, utoro, kumfokea sajini, hayo yanaelezeka. Kosa ulilokaa ukalipanga ni gumu kulifungamanisha, na waraka wenyewe unasema hivyo.

Sasa tuje kwenye shida yetu sisi. Faili letu la hospitali ni tupu. Tuliporudi kutoka Afghanistan tulipewa fomu: unalala? unaota ndoto mbaya? Tukajibu hapana kote. Kwetu mwanaume akisema kichwa kinamsumbua anaambiwa amerukwa na akili, na isitoshe tulikuwa na haraka ya likizo. Miaka kumi baadaye zile "hapana" zinatusuta.

Habari njema ni kwamba waraka wa Kurta unakubali maelezo ya askari mwenyewe, hata yakiwa peke yake, kuwa yanaweza kuthibitisha hali hiyo. Ushahidi wa mke, wa mliyelala chumba kimoja, wa mchungaji au imamu unapokelewa pia. Mimi nilichimba simu ya zamani, nikakuta ujumbe niliomtumia dada yangu saa tisa usiku: "Dada silali. Nikifumba macho nasikia harufu ya ile gari." Nikautafsirisha, mfasiri akaandika kwamba anazijua lugha zote mbili, akatia saini. Tarehe ya ujumbe ilikuwa wiki tatu kabla sijakamatwa nikiendesha nimelewa. Mpaka leo naamini ndio ulionifungulia.

Ukimpata daktari wa akili sasa hivi, aandike pia hali ilianza lini na inahusianaje na kosa. Jina la ugonjwa tupu halisaidii.

Hatua ya 4: Kutuma

Kwa DD 293 unaweza kuomba wasome karatasi tu, au ufike mbele yao. Anza na karatasi. Wakikataa, bado unaweza kuomba kusikilizwa, mradi miaka 15 haijaisha. Ukianza na kusikilizwa, ile nafasi ya karatasi umeipoteza. Baki na nakala ya kila kitu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sajini wetu alituambia baada ya miezi sita cheti kinapanda chenyewe. Mimi nimengoja miaka minne.*

Pole sana ndugu. Hata mimi niliambiwa hivyo siku ya kuondoka. Hakuna kitu kama hicho, hakijipandishi. Una miaka 11 mbele yako, anza wiki hii.

*Niliapishwa uraia nikiwa mafunzoni, nikatolewa kwa OTH kabla ya miaka 5. Nikiomba si nitakuwa nimewaamsha waliolala?*

Bodi ya mapitio haiwezi kukushusha chini ya hapo ulipo. Lakini hofu yako ina msingi: sheria inaruhusu kunyang'anya uraia uliopatikana kwa utumishi wa kijeshi kama mtu ametolewa kwa daraja hilo kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Muone wakili wa uhamiaji kwanza, kabla ya bodi. Hili usilifanye kwa ushauri wangu tu.

*Nimesharudi Arusha. Lazima nije huko?*

Hapana. Ombi linatumwa kutoka popote, na vikao hufanyika hata kwa video. Kumbuka tu saa: wakati wa baridi, saa nne asubuhi Washington ni saa kumi na mbili jioni kwako. Chagua mahali umeme haukatiki.

*Kuna mtu anadai dola 2,500 anijazie fomu.*

Fomu ni bure na ombi ni bure. American Legion, DAV na vyama vingine vya maveterani vina watu wa kusaidia bila malipo, na baadhi ya vyuo vya sheria vina kliniki za maveterani. Wakili mzuri anastahili pesa yake kesi ikiwa ngumu. Huyo wako ni wakili?

*Si wakili, ni shemeji wa rafiki.*

Basi mnunulie chai, fomu jaza mwenyewe.

*Shikamoo. Mume wangu alifariki kabla hajaomba. Mimi mjane naruhusiwa?*

Marahaba dada, na pole kwa msiba. Unaruhusiwa. Fomu ina sehemu ya anayeomba kwa niaba ya marehemu. Ambatanisha cheti cha kifo na cha ndoa. Kisha andika uliyoyaona nyumbani aliporudi: alilala wapi, alishtuka kwa nini, aliacha lini kwenda kanisani. Hayo hakuna mtu mwingine mwenye kuyajua.