Kujiwekea lengo kwenye darasa la Kiingereza: anza na simu moja ya kliniki

Siku ya kwanza ya darasa la Kiingereza la watu wazima hapa Marekani, kabla hata hujazoea kiti, unapewa karatasi yenye swali: kwa nini unataka kujifunza Kiingereza? Wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili, wawe wametoka Kigoma, Bukavu, Bujumbura au Mombasa, huandika jibu lilelile: nataka kujua Kiingereza vizuri. Jibu ni la kweli kabisa. Shida yake ni kwamba mwalimu hana pa kulishikia, na wewe mwenyewe hutajua umelifikia lini. Muhula unaisha, umepiga hatua nyingi, na bado unajiona una Kiingereza cha kuombea maji tu.

Lengo linalofaa ni jambo moja utakalolifanya kwa Kiingereza, mahali fulani, mbele ya mtu fulani, kabla ya tarehe fulani. Kupiga simu kliniki na kubadilisha miadi ya mtoto bila kumwita binti yako akuzungumzie ni lengo. Kumweleza msimamizi wa kiwandani kwamba mashine imekwama, na imekwama wapi, ni lengo. "Kujua sarufi" si lengo. Sarufi ni kifaa cha kukufikisha kwenye lengo, na utaichukua kadiri kazi inavyoidai.

Usilitunge lengo hapohapo darasani kwa haraka. Mwombe mwalimu wiki moja. Katika wiki hiyo tembea na karatasi mfukoni, na kila unapokwama kwa sababu ya lugha andika vitu vitatu: ulikuwa wapi, ulitaka kusema nini, na ulifanya nini badala yake. Labda ulinyamaza, ulitabasamu tu, ulimpa mtoto simu au uliahirisha. Andika kwa Kiswahili. Baada ya siku saba, mahali palipojirudia mara mbili au tatu ndipo lengo lako lilipo. Pakiwa pawili, chagua pale ambapo kukwama kunakugharimu pesa au kunamtoa mtoto shuleni aje kukutafsiria. Na lichague mwenyewe. Lengo ulilochaguliwa na mume, mke au watoto huwa halivuki wiki ya tatu.

Tuchukue hiyo simu ya kliniki tuipasue, maana lengo lisilopasuliwa linatisha na mtu huishia kulikimbia. Simu nzima huchukua dakika tatu hivi, na ndani yake kuna kazi tano.

Ya kwanza ni kusema shida yako kwa sentensi mbili: "My son has an appointment on Tuesday at nine. I need to change it, please." Hizi zikariri hadi zitoke bila kufikiri.

Ya pili ni kutaja herufi za jina, na hapa ndipo simu nyingi za Waswahili zinapoharibika. Sisi tunataja herufi kama zinavyosomeka. Kiingereza kina majina yake. A huitwa "ei", E huitwa "ii", I huitwa "ai". Mtu anayeitwa Imani akitaja herufi ya kwanza kwa mazoea ya nyumbani, "i", karani anaandika E, anatafuta Emani kwenye kompyuta, na anajibu kwamba mtu huyo hayupo. G ni "jii" na J ni "jei", kwa hiyo akina Juma na Gaspard nao wana kazi. Z kwa Kimarekani ni "zii", na kwenye simu inafanana mno na C, "sii". Sema "Z as in zebra". Wenye R na L kwenye jina wafanye mazoezi zaidi, hasa kama lugha yao ya kwanza haitenganishi sauti hizo mbili. Usijifunze herufi zote 26 kwa pamoja. Jifunze za jina lako, za mtoto mmojammoja, na za mtaa unaoishi, basi.

Ya tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Marekani mwezi unatangulia siku: 3/4 ni tarehe 4 Machi, wala si tarehe 3 Aprili. Wengi mliopitia kambi za wakimbizi mmeandikiwa kuwa mlizaliwa 1 Januari, kwa hiyo kwenu wenyewe mtego huu hauwakamati, lakini kwa watoto waliozaliwa hapa utawakamata. Taja mwezi kwa jina lake, usitaje kwa namba.

Ya nne ni saa. Mwenye kuhesabu saa za Kiswahili akiwaza saa tatu asubuhi ulimi unataka kusema "three", na miadi inapotea kwa saa sita nzima. Tazama saa ya mshale: namba ya Kiingereza iko ng'ambo ya pili ya ile ya Kiswahili. Tatu inatazamana na tisa, nne inatazamana na kumi. Fanya zoezi la wiki moja: kila unapotazama saa nyumbani, itaje kwa Kiingereza kwa sauti kabla ya kuitafsiri. Hapohapo zoea tofauti ya "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Katika "thirteen" sauti hubanwa na kurefushwa mwishoni. Katika "thirty" uzito uko mwanzoni.

Ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni kurudia ulichosikia: "So, Thursday, May 14th, at two thirty. Is that right?" Sentensi hii inakuokoa hata kama nusu ya mazungumzo ilikupita. Iambatanishe na ile ya kuomba mtu apunguze mwendo: "Could you say that again slowly, please?" Mwanafunzi mwenye sentensi hizi mbili anapiga simu bila woga kuliko mwenye maneno elfu asiye nazo.

Utakutana pia na "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" tu, kwa hiyo ulimi hauoni sababu ya kuchagua. Karani akiuliza "What's her date of birth?" nawe ukajibu kuhusu "he", anadhani kuna mtoto mwingine na anafungua faili lingine. Dawa yake ni kuchukua picha za familia na kuziongelea dakika tano kila siku: huyu ni "she", ana miaka sita, "her school" iko karibu.

Sasa andika kadi. Kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja inatosha, yenye mistari minne: nitafanya nini, na nani, kabla ya tarehe gani, na nitajuaje kwamba nimefaulu. Kwa mfano: "Nitapiga simu kliniki, nitazungumza na karani wa mapokezi, kabla ya Ijumaa ya wiki ya nane, nitakuwa nimefaulu nikiwa na siku na saa mpya niliyoirudia yeye akaikubali, bila mtu kunisaidia." Mstari wa nne usiuruke. Ndio unaotofautisha lengo na matumaini. Kadi moja ibaki kwako na nakala apewe mwalimu, ili anapotafuta zoezi la kuzungumza wawili wawili akupe la kliniki badala ya lile la kuagiza chakula mgahawani ambalo hulihitaji.

Wiki nane zinatosha kwa lengo la ukubwa huu. Zigawe hivi: wiki mbili za herufi na tarehe, wiki mbili za saa na namba, wiki mbili za kuigiza simu na mwenzako mkiwa mmepeana migongo, wiki moja ya kuigiza na mwalimu kwa simu kutoka chumba kingine, na wiki ya mwisho simu yenyewe. Kupeana migongo si mchezo. Ana kwa ana unasoma uso na midomo. Kwenye simu huna hivyo, ndiyo maana anayeongea vizuri darasani huganda akishika simu. Nyumbani weka dakika 20 kwa siku, siku tano. Kwa siku mbaya, umetoka zamu ya usiku au mtoto ana homa, weka kiwango cha chini cha dakika tano za kusikiliza sauti uliyojirekodi. Asiyekuwa na kiwango cha siku mbaya akikosa siku mbili huacha kabisa.

Tahadhari moja: lengo la simu lisikufanye uingie kwa daktari bila mkalimani. Miadi unaweza kuibadilisha mwenyewe. Maelezo ya dawa na upasuaji yanataka Kiswahili chako chote. Hospitali nyingi zina mkalimani wa simu bila malipo, nawe una haki ya kusema "I need a Swahili interpreter, please". Kwa anayeanza kabisa, sentensi hiyo pekee inaweza kuwa lengo la mwezi wa kwanza, na ni lengo zuri.

Kuhusu saa, tusidanganyane. Cambridge, watunzi wa mitihani ya Kiingereza, hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kutoka sifuri hadi ngazi ya A2, ile ya mazungumzo mepesi ya kila siku, na saa 350 hadi 400 hadi B1, ngazi inayofuata. Darasa la mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa 40 kwa muhula wa wiki kumi. Kwa hiyo kufika A2 kwa darasa hilo ni mihula mitano hivi kwa aliyeanza bila kitu, na makadirio hayo yanamhusu mtu anayejua kusoma na kuandika tayari. Anayelenga "kuongea kama Mmarekani kufikia Desemba" atavunjika moyo bure, na kosa liko kwenye lengo, haliko kwake.

Kama hukubahatika kwenda shule, usipimwe wala usijipime kwa saa hizo. Mwambie mwalimu wazi siku ya kwanza, maana wengi huficha kwa aibu wakawekwa darasa lisilo lao. Kadi yako iwe na picha badala ya maandishi, na lengo la kwanza liwe la mkono na jicho: kuandika jina na anwani yako kwenye fomu bila kunakili, au kutambua namba ya basi na jina la mtaa. Hiyo ni kazi nzito kuliko simu ya kliniki na inastahili wiki zake zote nane.

Lengo la uraia lina taratibu zake kwa sababu kipimo kimeshawekwa na serikali. Kwenye usaili afisa anakupa nafasi tatu za kusoma sentensi na unatakiwa usome moja sawasawa, kisha nafasi tatu za kuandika na uandike moja. Aliyewasilisha N-400, fomu ya kuomba uraia, kuanzia 20 Oktoba 2025 anasoma orodha ya maswali 128 ya historia na serikali, anaulizwa hadi 20, na anafaulu kwa 12. Gawanya: maswali manane kwa wiki yanakumaliza orodha kwa wiki 16. Lakini wengi hawaangushwi na maswali hayo; huangushwa na afisa anapouliza maneno yaliyo ndani ya fomu yao wenyewe. Kwa hiyo chapisha N-400 yako, na kila wiki chukua ukurasa mmoja au miwili ujifunze kueleza kila neno kwa maneno yako. Angalia pia umri: mwenye miaka 50 aliyekaa miaka 20 na kadi ya ukaazi wa kudumu, au mwenye 55 aliyekaa 15, anasamehewa sehemu ya Kiingereza na anaweza kujibu maswali ya uraia kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Wapo wazee wanaoteseka na imla za Kiingereza wasizodaiwa.

Usichanganye lengo lako na la shule. Shule nyingi zinazopata fedha za serikali hupima wanafunzi kwa mtihani wa CASAS, ambao mara nyingi ni wa kusoma na kusikiliza. Ufanye kwa bidii, unasaidia darasa kuendelea kuwepo. Lakini mtihani wa namna hiyo hausikii unavyozungumza, kwa hiyo unaweza kupata alama zilezile za mwanzo ilhali simu ya kliniki umeshaipiga. Ndiyo sababu unahitaji ushahidi wako: jirekodi kwa simu wiki ya kwanza, ya nne na ya nane, ukisema maneno yaleyale.

Wiki ya nne mfuate mwalimu baada ya kipindi, dakika tano, kadi mkononi. Kama herufi na saa bado zinakushinda, usiongeze muda wa kusoma, punguza lengo. Badala ya kubadilisha miadi, iwe kuthibitisha miadi iliyopo, jambo linalotaka jina, tarehe na "yes". Kama umebadilishiwa zamu na utakosa darasa, omba kazi ya wiki mbili mapema badala ya kutoweka. Mwanafunzi anayetoweka huona haya kurudi, na mwalimu alikuwa bado anamtegea kiti.

Wiki ya nane, simu ikishapigwa, keti na mwalimu msikilize rekodi ya kwanza na ya mwisho, moja baada ya nyingine. Halafu toa ile karatasi ya mahali ulipokwama, kata mstari wa kliniki, na uangalie unaofuata.