Kupima matamshi ya mgonjwa wa kiharusi au Parkinson Kanda ya Ziwa

Kama ulimi umekuwa mzito ghafla leo hii, mwahishe hospitali sasa hivi. Maelezo haya ni ya mgonjwa wa kiharusi au Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) aliyekwisha kuonwa na daktari.

Anza na ndugu: zamani alikuwa akizungumzaje? Wazee wengi wa Mwanza wamekua na Kisukuma, lugha isiyo na "r". Mzee akisema "kalatasi" huenda ndivyo alivyosema tangu utoto, na "samani" badala ya "thamani" vilevile. Ukiyahesabu hayo kuwa makosa, umepima lafudhi, si ugonjwa. Polandi kuna mtego huohuo: Kipolandi hutofautisha s, sz (karibu na "sh" yetu) na ś ("sh" laini zaidi), ila katika lahaja za Mazovia sz hutamkwa s na watu wasioumwa chochote. Kwa hiyo orodha ya maneno ya kupimia haitafsiriwi. Kila lugha hutungiwa yake.

Rekodi kwa simu chumbani, mbali na bodaboda, sentimita 30 kutoka mdomoni kila mara, la sivyo utadhani sauti imepungua kumbe simu imesogea. Kama ana meno bandia, ayavae. Mwenye Parkinson arekodiwe muda uleule baada ya kumeza dawa.

Changanya maneno haya, mgonjwa ayaseme moja moja: fua, vua, toa, doa, kamba, gamba, saba, shaba, dawa, nawa. Anayesikiliza asiione orodha, aandike tu alichosikia. Tena asiwe mtu wa nyumba ile, maana wao wameshazoea kubahatisha.

"Dawa" ikisikika "nawa", na "baba" ikawa "mama", shuku kuwa hewa inavuja puani. Shika kioo kidogo kikavu chini ya pua, aseme "paka kapata kuku". Hapo hamna sauti hata moja ya puani, hivyo kioo kikiota ukungu, kaakaa laini (sehemu ya nyuma ya kaakaa) halifungi vizuri njia ya puani. Kiondoe mara tu anapomaliza, kabla hajapumua. Hapo ndipo wengi hukosea. Futa, rudia mara 2.

Kisha aseme "pataka, pataka" haraka kwa sekunde 5. Ikienda taratibu na kwa kuburuta, misuli imelegea au imekaza. Ikiwa "papapa" peke yake inatoka safi lakini "pataka" inageuka "takapa", halafu "kapata", kila mara kosa jipya, yaelekea ni apraksia: mdomo una nguvu, mpangilio ndio umevurugika. "Pataka" ya mwenye Parkinson mara nyingi hukimbia na kufifia.

Mazoezi yawe ya dakika 10, mara 2 au 3 kwa siku, kabla hajachoka. Kila silabi agonge kidole mezani: sa-nga-ra. Tumia maneno anayoyahitaji, kama "nipe maji" na majina ya wajukuu. Kupuliza baluni kutamfanya hodari wa kupuliza baluni tu. Mwenye Parkinson mwambie jambo moja, "paza sauti". Ukimrundikia maelekezo matano yote yatampotea. Akikohoa au sauti ikisikika kama ina maji kooni kila anywapo maji, simamisha mazoezi umrudishe kwa daktari: hapo kumeza nako kumeguswa, na maji yanaweza kuingia mapafuni.