Kuandaa kichekesho cha jukwaani cha kina mama na hasira zao

Kama kikundi chenu kinataka kufanya kichekesho cha kina mama wanaohangaika na hasira, anzeni na nyumba kwanza, vituko vitakuja vyenyewe. Na hakuna nyumba inayofaa kama ile ya kupanga ya uswahilini, korido katikati, vyumba huku na huku milango inatazamana, uani bomba moja, choo kimoja, na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ya wapangaji wote. Hapo hasira hamna haja ya kuitafuta.

Jambo ninalowaomba sana, msimfanye mwanamke awe kichekesho eti kwa sababu anafoka. Hilo tumeliona mno na linatuchosha. Sababu ya hasira iwe ya kweli kabisa, mtu katia umeme wa elfu kumi jana usiku asubuhi hakuna kitu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dokta kashamwambia presha iko juu asikasirike. Watu wacheke vile anavyojizuia. Mfano:

"Jirani, ule umeme niliotia jana umeenda wapi?"
"Hata mie nashangaa dada, pasi imenizimikia katikati ya shati la saba."

Hapo mama asiseme neno. Anatabasamu, anavuta beseni, anaanza kufua gauni ambalo tumeshamuona analifua mara mbili na bado liko safi, anafikicha mpaka povu linaruka, huku anaitikia salamu za wapita njia kwa sauti ya upole. Muigizaji akikaza uso kuchekesha imeharibika, yeye awe na uchungu kweli.

Milango ndo roho ya mchezo. Hela ikiwa ndogo tumieni fremu za mbao na pazia, ila angalau miwili iwe milango ya kweli yenye komeo, maana ule mlio wa kubamiza hauna mbadala. Mazoezi ya kwanza fanyeni bila maneno, tembeeni tu polepole mkihesabu, huyu anaingia chumbani mwenzie anatoka cha pili, wasikutane mpaka pale mnapotaka wakutane, mkishazoea ndo mnaongeza spidi na maneno.

Kanga msiziache, mtu asiyetaka kugombana kwa mdomo anamvalia mwenzie kanga yenye jina (maandishi yake) "Hasidi hana sababu" na ujumbe umefika. Shida waliokaa nyuma hawasomi, kwa hiyo tumieni doti nzima, kipande kimoja avae, kingine kianikwe kambani jina likitazama watu, halafu mtoto mmoja apite akilisoma kwa sauti.

Wekeni sehemu moja tu ambapo mama anasema yote yaliyomjaa, bila utani, wengine wote wasimame. Iwe fupi. Halafu umeme ukatike.

Miaka ya 1990 vikundi vya sanaa vya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano walikuwa wanaweka vichekesho, ngoma na taarab kwenye shoo moja, na nyinyi mkipata wimbo wa mipasho katikati utabeba hasira ambayo maneno ya kawaida hayaibebi. Ila kina mama watainuka kwenda kutunza, hivyo acheni njia mbele ya jukwaa, wanamuziki warudie kiitikio hadi wakae, na hela apokee mtu mmoja aliyekubaliwa na kikundi kizima kabla ya shoo.