Jioni ya mwisho wa mwezi na karatasi moja tupu

Zamani nilikuwa na daftari la nyota. Nikimaliza kitabu naandika jina, tarehe, na nyota kati ya moja na tano, basi. Baada ya mwaka nikalifungua: riwaya fulani ina nyota nne, na sikumbuki hata mhusika mkuu alikuwa mwanamume au mwanamke. Siku hizi nafanya hivi.

Jioni ya mwisho wa mwezi, kaa na karatasi na kalamu. Vitabu viache vilipo, na simu pia. Orodhesha ulichosoma chote: riwaya, mashairi, zile makala ndefu za kitandani, hata kitabu ulichokitupa katikati. Hasa hicho. Kisha chini ya kila kimoja andika unachokumbuka, bila kuchungulia.

Utaona aibu. Usijali. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri silabi zisizo na maana, akaziacha, kisha akapima ameokoa muda kiasi gani anapozikariri upya. Baada ya siku moja aliokoa kama theluthi. Baada ya siku 31, kama moja ya tano. Riwaya si silabi tupu, kwa hiyo sisi tuna nafuu, ila mwezi ni mwezi. Na usikimbilie kusoma tena kwanza. Jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kwamba wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka walibakiwa na mengi zaidi baada ya wiki kuliko wenzao waliorudia kusoma tu.

Mwezi uliopita orodha yangu ilikuwa na riwaya mbili, diwani, wasifu wa nahodha, kitabu cha nyuki na historia ya ufalme mmoja. Nyuki walijaza nusu ukurasa. Nyuki akirudi mzingani hucheza juu ya sega, gizani, kuwaonyesha wenzake maua yaliko. Akikimbia wima kwenda juu, maua yako upande wa jua. Akiinama digrii 40 kulia kwa wima, maua yako digrii 40 kulia kwa jua. Riwaya ya kurasa mia tatu na ushei ikaniachia mstari mmoja: bibi anatia uzi kwenye sindano, taa imefifia.

Ukishaandika, sasa fungua vitabu ujisahihishe. Makosa usiyafute, yazungushie duara. Mimi nilikuta bibi alikuwa akishona mchana, mlangoni, juani kabisa. Ile taa iliyofifia ilikuwa ya nahodha, anasoma ramani chumbani mwake usiku wa dhoruba. Nimeichomoa kwenye wasifu nikamwashia bibi!

Kosa la namna hiyo lina faida kuliko mistari kumi sahihi. Jiulize kwa nini vitabu viwili vimeshikana kichwani. Nilipoangalia karatasi tena nikaona kumbe nyuki nao wamo: wote watatu, kwenye karatasi yangu, wanafanya kazi ya kupima sawasawa mahali pasipo na mwanga wa kutosha. Mwezi mzima nilidhani nasoma ovyo ovyo. (Diwani haikushikana na chochote. Nimeiacha hivyo, si lazima kila kitu kiungane.)

Kwa kitabu ulichokiacha, andika ukurasa na sababu ya kweli, si ile ya heshima. Historia ile niliiacha ukurasa wa 64 nikisema inachosha. Sababu ya kweli ni kwamba wafalme watatu wana jina moja nami nilikuwa nikiwachanganya.

Kuhesabu kurasa ruka, labda kama unashindana na mtu.

Karatasi ikunje, uifanye alama ya ukurasa kwenye kitabu cha kwanza cha mwezi unaoingia. Yangu iko kwenye ile historia, ukurasa wa 71, na nyuma yake nimechora ukoo wa wale wafalme watatu, kila mmoja na kalamu ya rangi yake.