Kupiga Video Tulivu kwa Gimbali Ndani ya Vyombo vya Usafiri vya Dar es Salaam

Watu wengi hununua gimbali ya simu, yaani mpini wenye mota unaoishika simu ili itulie, wakiamini kwamba itaondoa kila mtikisiko, kisha hupanda daladala, hurekodi njia nzima kutoka Mbagala hadi Kariakoo, na jioni hukuta video inarukaruka vilevile. Kifaa hakina kosa. Gimbali ya mkononi ina mota tatu, na kazi ya mota hizo ni kuizuia simu isigeuke: isiinamie mbele wala nyuma, isilale upande, isizunguke kushoto wala kulia bila ridhaa yako. Gari linapopanda tuta, mwili wako wote huinuliwa na simu huinuliwa pamoja nawe, lakini haigeuki, na kwa kuwa haijageuka, mota hazina cha kusahihisha. Mtikisiko huo wa juu na chini ni wewe unayepaswa kuumeza kwa mkono wako, na ujuzi wote wa kupiga video ndani ya chombo kinachotembea umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Shika mpini kwa mikono miwili, kunja viwiko kiasi, viache vielee mbali na mbavu, na utoe mgongo kwenye siti ili mikono ifanye kazi ya springi. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilikuwa nikiegemeza kiwiko kwenye dirisha nikidhani ninajiimarisha, kumbe nilikuwa ninaupitisha mtetemo wa injini moja kwa moja kutoka kwenye bodi la gari hadi kwenye lenzi. Siku nilipokiinua kiwiko, barabara ileile ilitoa video ambayo sikuitarajia.

Mahali unapoketi ni muhimu kama namna unavyoshika. Ndani ya basi, siti zilizo katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ndizo zinazorushwa kidogo zaidi, ilhali siti ya mwisho kabisa, iliyo nyuma ya ekseli, hupigwa vibaya kila linapokuja shimo. Bajaji haikupi nafasi ya kuchagua, kwa sababu abiria huketi karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. Humo rekodi vipande vifupi kwenye lami nzuri na usimamishe kabla ya tuta. Basi la Mwendokasi, kwa kuwa lina njia yake lenyewe na halibanwi na foleni kama magari mengine, ni chombo kizuri sana cha kujifunzia, mradi uchague saa ambazo abiria si wengi na usizuie mlango.

Kabla ya safari, vua kava la simu, iweke kwenye gimbali iliyozimwa, na uisogeze hadi itulie sawasawa bila msaada wa umeme, kwa maana simu iliyoelemea upande mmoja huzichosha mota na kumaliza chaji. Washa kifaa gari likiwa limesimama, kwani vihisi vyake huutambua upande wa chini kwa kuhisi mvuto wa dunia, na mwendo wa gari huvichanganya. Ni kwa sababu hiyohiyo gari likizunguka kipilefti kwa kasi utaona upeo wa bahari au paa za nyumba zimeinama. Kosa hilo hujirekebisha taratibu barabara inaponyooka, kwa hiyo usihangaike nalo. Likate wakati wa kuhariri.

Tumia hali ya kufuata, siyo hali ya kufunga. Katika hali ya kufunga, simu hushikilia uelekeo wake wa awali hata gari likikata kona, na mwishowe utakuwa unarekodi nguzo ya dirisha. Katika hali ya kufuata, punguza kasi ya ufuataji hadi ngazi ya chini ili kila kona ionekane imekatwa kwa utulivu. Tumia pia lenzi pana, kwa kuwa lenzi ya kuvuta karibu hukuza mtikisiko pamoja na picha.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ni mahali ninapompeleka kila anayeanza. Lina urefu wa takriban kilomita moja, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unapata zaidi ya dakika moja ya lami laini. Lipite ukitokea Coco Beach kuelekea mjini, ukiwa siti ya mbele ya abiria, kwa kuwa siti hiyo iko kushoto na upande huo ndio wenye bahari. Usitoe gimbali nje ya dirisha: upepo huzilemea mota hadi zizime, na kwenye foleni kibaka huhitaji sekunde moja tu. Kamba ya mkononi ivaliwe wakati wote.

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inataka mbinu nyingine. Inaendeshwa kwa umeme, hivyo haina mtetemo wa injini ya dizeli, lakini kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa husogea karibu mita 44 kila sekunde, na vichaka vilivyo karibu na reli hugeuka michirizi. Elekeza kamera mshazari kuelekea mbele na uyape nafasi kubwa mashamba na vilima vya mbali. Nguzo zikionekana zimeinama, ni kihisi cha kamera kinachosoma picha mstari baada ya mstari, gimbali haihusiki. Sogeza lenzi karibu na kioo bila kukigusa, na uizungushie kitambaa cheusi kuzuia mwakisi.

Kuhusu bodaboda, ushauri wangu ni kwamba usifunge simu kwenye usukani. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera ya iPhone, na hata kwa pikipiki ndogo ilishauri kifungio chenye kupunguza mtetemo. Abiria anayerekodi kwa mkono mmoja huku akishikilia kwa mwingine anahatarisha maisha yake na ya dereva.

Pantoni ya Kigamboni ndiyo inayoonyesha gimbali kwa ubora wake wote, kwa sababu chombo huyumba polepole, na kuyumba huko ni kugeuka hasa, yaani kile ambacho mota zinakiweza. Simama bila kuegemea chuma, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Vuka asubuhi ukitokea Kigamboni, jua likiwa nyuma yako na likiangaza majengo ya Posta, na uhakikishe fremu yako haiingizi eneo la Ikulu wala maeneo mengine ya ulinzi. Anza kurekodi pantoni ikishajitenga na gati, na usimamishe kabla mlango wake haujashushwa, maana hapo watu huanza kusukumana.